Mwanangu, usingoje hedhi irudi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Nimefurahi mno kusikia mjukuu wangu ananyonya vizuri. Ila neno ulilolisema kwenye simu, kwamba uzazi wa mpango hauna haraka kwa kuwa hujaziona siku zako, limeninyima usingizi.

Yai hutangulia, damu hufuata. Mwanamke anaweza kushika mimba kabla hajaona hata tone tangu ajifungue. Asiyenyonyesha, yai laweza kupevuka hata kabla ya arobaini. Kunyonyesha huzuia mimba kwa takriban asilimia 98, lakini kwa masharti matatu yanayokwenda pamoja: mtoto hajatimiza miezi 6, hedhi haijarudi, naye anapata ziwa pekee usiku na mchana, bila maji wala uji. Likivunjika moja, usitegemee tena kunyonyesha. Na likizo yako ya siku 84 inakaribia kuisha. Ukishinda kazini, mtoto atapitisha saa 4 hajanyonya. Hata ukimwachia maziwa uliyokamua, kinga yako inapungua.

Najua wazee wa huko kwa mumeo wanakuonya usije ukambemenda mtoto, yaani kumdhoofisha kwa kulala na mumeo ukiwa unanyonyesha. Wasikilize kwa heshima, lakini tendo la ndoa haliharibu maziwa. Walichokiona wazee ni watoto waliodhoofika kweli, na wengi walidhoofika kwa kuachishwa ziwa mapema, mama amepata mimba nyingine. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri mama akae angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kutafuta mimba tena. Hilo halidai mlale vyumba mbalimbali.

Vijiti vya mkononi na kitanzi cha ndani ya mfuko wa uzazi havikaushi maziwa. Kitanzi huwekwa ndani ya saa 48 za kujifungua au kuanzia wiki ya 4, kwa hiyo kwako wakati umefika. Sindano ya miezi 3 nayo unaruhusiwa sasa, ila ukiiacha, uzazi huweza kukawia miezi kadhaa kurudi. Kama mnataka wa pili mara tu huyu akitimiza miaka miwili, mimi nisingeichagua. Vidonge vyenye homoni ya estrojeni uviache mpaka mtoto avuke miezi 6. Viko vya wanaonyonyesha, mwulize muuguzi.

Chanjo ya wiki 10 imekaribia. Nendeni wote wawili, mwulize hayo siku hiyohiyo, kabla hujarudi kazini. Msalimie mumeo, umbusu mtoto.

Mama yako