Kabla hujanunua "kompyuta" ya gari, hesabu taa kwanza

Mhariri, habari za kazi.

Nimesoma barua ya msomaji wenu anayetaka magari ya zamani yaondolewe barabarani eti yanafilisi watu. Mimi ninayo moja, Corolla 100 ya 1994 yenye injini ya 5A, nabebea dagaa kutoka mwaloni Kirumba, pale soko la samaki la ziwani, mpaka Igoma, kwa hiyo hilo jiwe limenipata. Hela yangu haijaliwa na gari jamani, imeliwa na kubahatisha.

Ilianza na mvua. Saa kumi na moja alfajiri nataka kuwahi mwaloni kabla wenzangu hawajachagua mzigo mzuri, napiga stata inazunguka weee haishiki, mpaka nikanyage mafuta, nikiachia inazima. Ila ikishapata moto basi, mchana kutwa ukigusa tu funguo imewaka. Hilo la asubuhi na mchana ndo lilikuwa jibu lenyewe, sema mimi sikujua na fundi wala hakuuliza.

Fundi akasema plagi, nikanunua nne, kesho yake vilevile. Akasema fyueli pampu, tukatafuta ya mtumba, akafunga, kesho yake vilevile. Mara ya tatu akaja na neno zito, "mama, hii kompyuta imekufa, andaa laki mbili na nusu", yaani kile kiboksi cha umeme kinachoamua injini ipewe mafuta kiasi gani, ila kwanza nitoe elfu thelathini ipimwe na mashine. Mashine ikaletwa, ikakosa pa kuchomekwa, maana gari ya umri huo haina ile soketi ya chini ya usukani waliyonayo magari mapya. Elfu thelathini haikurudi.

Nikawa naulizia hiyo kompyuta, ndo akaja kijana wa kaka yangu anayekaa Geita, kasomea umeme wa magari (siku hizi wanakatiza daraja la Kigongo mpaka Busisi wamefika, mambo ya kusubiri kivuko jua linawaka yameisha). Swali lake la kwanza, "shangazi, taa ya injini inawaka?" Nikamwambia haijawahi kuwaka tangu niinunue, nikasema kwa kujisifu kabisa. Akacheka. Kumbe ukifungua switchi kabla ya kupiga stata taa ya injini inatakiwa iwake pamoja na zile za betri na oili, isipowaka hapo ujue balbu imeungua au kuna mtu kaifanyia kitu. Akafungua dashibodi, tukakuta kipande cha selotepu nyeusi kimebandikwa vizuri kabisa juu ya ile alama. Kuna fundi huko nyuma aliitibu taa.

Kutoa selotepu tu, taa hiyo, inawaka na injini ikiwa inanguruma.

Sasa sikilizeni wenye Toyota za miaka ya tisini, hii ni bure. Ukifungua boneti kuna kiboksi cheusi chenye mfuniko kimeandikwa DIAGNOSIS, na kwa ndani ya mfuniko kuna mchoro wa majina ya matundu. Chukua kipande cha waya, unganisha TE1 na E1, hayo mawili tu, usije ukagusa lililoandikwa +B maana hilo lina umeme wa betri utaunguza kitu halafu useme mama wa dagaa kakuponza. Gari iwe nyutro, AC imezimwa, mguu usiwe kwenye mafuta, fungua switchi bila kuwasha injini halafu tulia uangalie dashibodi. Taa ikipepesa mfululizo bila kupumzika, kompyuta haina kosa lililotunzwa. Ya kwangu ikapepesa mara mbili, ikanyamaza kidogo, mara mbili tena. Ishirini na mbili, yaani sensa ya joto la maji, kile kidude kinachopima joto la maji ya injini. Ingekuja ishirini na moja ni sensa ya oksijeni, arobaini na moja ni ile ya kwenye throto, mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta.

Alivyonieleza nikaelewa mpaka nikakaa chini. Injini ikiwa ya baridi inataka mafuta mengi zaidi ili iwake, na sensa hiyo ndo inaiambia kompyuta kuna baridi. Taarifa ikikatika kompyuta inajiamulia kwamba maji yana joto la digrii 80, basi alfajiri inatoa mafuta kiduchu na gari haishiki. Mchana maji yako kwenye joto hilo kweli, ndo maana ilikuwa inawaka bila shida. Kompyuta iliyokufa haina akili hiyo!

Na sensa yenyewe ilikuwa nzima. Akaipima kwa testa, injini ya baridi ikasoma ohm elfu mbili na ushee, gari ikapata moto ikashuka mpaka mia tatu hivi, ndo inavyotakiwa. Ugonjwa ulikuwa kwenye soketi yake, waya mmoja umeliwa na kutu ya kijani mpaka umekatika, na hapo nakiri kosa ni langu maana kila Jumapili nilikuwa nawaambia vijana wa kuosha magari wapige injini maji ya presha ing'ae. Akakata, akachuna, akaunga kwa risasi ya kuyeyusha, akachomoa fyuzi ya EFI (ya mfumo wa mafuta wa kompyuta) kwa muda kidogo kufuta lile kosa, akairudisha. Kesho yake saa kumi na moja, stata moja tu.

Themostati nayo, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, mafundi wetu wanapenda kuitoa, gari ikichemsha kwenye kilima cha Bugando wanaitupa halafu injini inakunywa mafuta maana haipati joto lake. Gari ikichemsha anza na mfuniko wa rejeta, mpira wake ukikauka haushiki presha na maji yanachemka mapema, ila usiufungue gari ikiwa ya moto. Na kabla ya kununua alternata, ile inayochaji betri, safisha vichwa vya betri na waya wa ethi, halafu upime, injini ikiwa inanguruma betri isome kama volti 13.8 mpaka 14.4. Breki na usukani mimi sigusi, napeleka gereji.

Ninachoomba kwa wenye gereji, hata gazeti mkitusaidia kulisemea, ni kwamba spea isinunuliwe kabla ya kupima, na tukishalipia mpya ile ya zamani turudishiwe mkononi.

Yule fundi wangu huwa nakutana naye Buzuruga, shikamoo mama, marahaba baba, tunaulizana hali za watoto. Ile fyueli pampu yangu ya zamani aliyoitoa bado hajaniletea.

Mama wa dagaa,
Igoma, Mwanza