Aliyewekewa taji au daraja bovu la meno asikawie kudai haki

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwatahadharishe wasomaji wenzangu kuhusu jambo linalowanyima haki wagonjwa wa meno humu nchini, nalo ni muda.

Taji, yaani kofia ya chuma au kauri inayovishwa jino lililosagwa, na daraja linaloshikizwa kwenye meno ya pembeni ili kuziba pengo, mara nyingi havionyeshi kasoro siku ya kwanza. Ukingo usipokaa sawasawa, mate na mabaki ya chakula hupenya chini yake polepole, jino likaoza ndani huku juu linang'aa, na mgonjwa huja kushtuka ufizi umefura na mzizi umetunga usaha. Hapo huenda miaka imeshapita, ilhali Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, Sura ya 22, inampa anayedai fidia kwa uzembe miaka 3 tu, na anayedai kwa kuvunjwa kwa mkataba miaka 6. Kifungu cha 27 kinamruhusu aliyejeruhiwa kuomba mahakama imwongezee muda iwapo mambo ya msingi hakuyajua mapema, lakini lazima athibitishe hivyo, na si jambo la kutegemea.

Linaloniuma zaidi ni namna muda huo unavyoliwa. Jirani yangu hapa Mombasa aliwekewa daraja la meno matatu, likawa linamuuma kila akitafuna upande ule. Kila aliporudi, lilisagwa kidogo, akaambiwa atazoea. Hatimaye alikwenda kwa daktari mwingine, ambaye alilikata akalitoa, nalo likatupwa pamoja na pamba bila kupigwa picha. Wakili alipomuuliza ushahidi, hakuwa na chochote ila risiti iliyoandikwa "matibabu ya meno".

Nawasihi basi wenye matatizo kama hayo: kabla taji halijatolewa, upigwe eksirei, daktari wa pili aandike alichokiona, na kifaa chenyewe ukabidhiwe ndani ya bahasha. Mahakamani haitoshi kusema jino linauma. Itabidi mtaalamu aeleze kwamba kazi ilikuwa chini ya kiwango kinachotarajiwa, kwa sababu taji huweza kuharibika hata lilipowekwa vyema. Rekodi zako una haki ya kuzidai chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Malalamiko kuhusu utendakazi wa daktari hupelekwa kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, ambalo linaweza hata kusimamisha leseni yake. Anayetaka kurudishiwa pesa alizolipia huduma mbovu, zisizozidi Sh1 milioni, anaweza kufika Mahakama ya Madai Madogo, hata bila wakili.

Kwa Baraza hilo nina ombi. Limlazimishe kila daktari wa meno kumpa mgonjwa karatasi yenye jina la maabara iliyotengeneza taji au daraja, madini yaliyotumika (wako watu ambao miili yao haipatani na nikeli), tarehe, na nakala ya eksirei iliyopigwa baada ya kazi. Pasipo karatasi hiyo, daktari humlaumu fundi wa maabara, fundi naye humlaumu daktari, na mgonjwa asijue amshtaki nani.

Msomaji wenu,
Mombasa