Wito wa harambee: nauli na kipimo kwa mama mwenye kivimbe cha titi

Tumsifu Yesu Kristo. Wapendwa waumini na majirani wa kigango chetu huku kando ya ziwa, Ilemela, sisi akina mama wa kigango tunawaalika kwenye harambee itakayofanyika Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, baada ya misa ya pili, ili mama yeyote mwenye kivimbe cha titi afike Hospitali ya Bugando mapema na kulipiwa kipimo cha kinyama, yaani kuchukuliwa kipande kidogo cha kivimbe kichunguzwe kama ni saratani.

Mwaka jana tulimtembelea mwenzetu, muuza dagaa. Chini ya kitanda chake kulikuwa na dumu la njano la lita 5 lililojaa maji ya mizizi, yaliyochemshwa mpaka yakawa mekundu kama chai ya rangi, na titi alikuwa amelifunga kwa kipande cha khanga juu ya majani yaliyopondwa. Alikuwa ameinywa dawa hiyo miezi 7. Hakuwa mjinga hata kidogo: alipiga hesabu ya nauli, ya kipimo na ya siku ambazo dagaa wake wangekosa mtu wa kuwaanika, akaona anachokimudu ni dumu.

Hatuandiki haya kuidharau miti. Paklitakseli, dawa ambayo wagonjwa wengi wa saratani ya titi hutundikiwa kwa dripu, asili yake ni gome la mti wa Taxus brevifolia lililokusanywa Marekani mwaka 1962. Wanasayansi Monroe Wall na Mansukh Wani walikitenga kiini chake na kukitangaza mwaka 1971, na nchini humo ruhusa ya kukitumia kwa saratani ya titi ikatoka mwaka 1994. Ni miaka 32 ya kutafuta kiasi kinachoizuia seli ya saratani isijigawe bila kummaliza mgonjwa mwenyewe. Hata ua la Catharanthus roseus, lenye asili ya Madagaska, ambalo hupandwa mbele ya nyumba, limetoa viini vinavyotengenezewa vinorelbini, dawa nyingine ya saratani hii. Lakini anayechemsha majani yake jikoni anakunywa sumu asiyojua kipimo chake. Mwarobaini, mlonge na manjano navyo vimeua seli za saratani ya titi maabarani, na habari hiyo husambaa upesi kwenye simu zetu. Seli iliyo kwenye kisahani cha maabara, hata hivyo, haina ini la kuivunjavunja dawa kabla haijafika kwenye uvimbe, wala figo za kuumia. Mpaka mti upimwe kwa wagonjwa, hatuwezi kuuita tiba, na kivimbe hakisubiri.

Tunalenga shilingi milioni 6, kwa nauli ya mgonjwa na msindikizaji wake, wakiwemo wanaovuka kwa meli kutoka Ukerewe, malazi, na kipimo chenyewe. Ahadi zinapokelewa na viongozi wa jumuiya ndogondogo, na mweka hazina atasoma hesabu mbele ya waumini wote. Asiye na fedha alete kitu cha mnada: sado ya dagaa, kuku, mchele. Mama aliyegusa kivimbe, aliyeona ngozi ya titi imevutika au chuchu inatoa damu, asingoje harambee. Aje kwetu leo, tutamsindikiza.

Mwenzetu wa dagaa, ambaye sasa yuko kwenye matibabu, ameahidi sado ya kwanza ya mnada.