Barua ya wazi kwa Gavana wa Benki Kuu: Huu ufadhili wa biashara, nani anamfadhili nani?

Mheshimiwa Gavana,

Salamu kutoka Mombasa. Mimi ni mwagizaji wa vigae kutoka China, mmoja wa wale wadogo ambao mizigo yao ni kontena moja moja. Nakuandikia hadharani kwa kuwa jambo hili si langu peke yangu. Keti barazani na waagizaji wa vipuri, mchele au vitambaa hapa mjini, utasikia malalamiko yale yale. Tunaomba mkataba wa ufadhili wa biashara, yaani huduma za benki za kutuwezesha kulipia mizigo, useme waziwazi fedha ni za nani, bei yake ni ngapi, na benki inadhamini kitu gani hasa.

Nianze na barua ya mkopo, hii tunayoiita elsii. Muuzaji wangu wa Foshan, huko China, hanijui. Hapakii vigae bila uhakika wa kulipwa, nami situmi dola kabla mzigo haujapakiwa. Benki yangu inaingia kati na kumwahidi: leta hati zote za mzigo zilizotajwa, utalipwa. Mpango huu ni wa zamani na ni mzuri. Kanuni zake, UCP 600 za Chama cha Kimataifa cha Wafanyabiashara chenye makao Paris, zinatumika tangu Julai 2007, na mabenki karibu yote duniani yanazifuata.

Tatizo ni kwamba mteja mdogo hupewa ahadi hiyo baada ya kuweka taslimu thamani yote ya elsii. Asilimia mia. Mzigo ukiwa wa dola 30,000, basi dola 30,000 zinafungiwa kwenye akaunti nisiyoweza kuigusa, mara nyingi bila riba, hadi hati zifike na muuzaji alipwe. Juu yake kuna kamisheni ya kufungua, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kwa kila robo mwaka au sehemu yake, hivi kwamba elsii ya siku 100 inalipiwa robo mbili. Kuna ada ya ujumbe wa Swift, mtandao ambao mabenki hutumiana taarifa. Kuna ada ya benki kubwa ya ng'ambo kuithibitisha, ikiwa muuzaji haiamini benki yetu. Tarehe ya kupakia ikisogezwa, unalipa. Hati zikipatikana na hitilafu, ada nyingine inakatwa.

Sikatai kwamba jina la benki lina thamani yake. Lakini hatari ya mimi kushindwa kulipa imekwisha, maana fedha zangu benki inazo tayari. Kwa nini basi nitozwe kamisheni sawa na ya mtu aliyeweka asilimia kumi? Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mikataba niliyotia saini ilitaja ada hizi kila moja mahali pake, nyingine kwenye kiambatisho, bila kunijumlishia popote.

Serikali yenyewe inajua ufadhili wa kweli ulivyo. Mwaka 2023 dola zilipoadimika, ilipanga na kampuni za mafuta za Ghuba, Saudi Aramco, ADNOC na ENOC, mafuta yaje kwa mkopo wa siku 180, malipo yakidhaminiwa kwa barua za mkopo za mabenki. Kilichotafutwa pale ni muda: uza kwanza, lipa baadaye. Sisi tulikuwa tukizunguka benki hadi benki kutafuta dola za kuweka kabla meli haijang'oa nanga. Mwezi Januari 2024 dola ilipopanda hadi karibu shilingi 160, hesabu za wengi wetu zilivurugika kabisa.

Jambo jingine ambalo afisa wa benki halitaji hadi umeulizia ni kwamba benki inalipia karatasi. Kifungu cha 5 cha UCP 600 kinasema mabenki yanashughulika na hati, si bidhaa. Kontena likija na vigae vilivyovunjika na hati zikawa sawa, muuzaji analipwa, na mimi nibaki kumfuata China kwa mkataba wetu wa mauzo. Mahakama huweza kuingilia kukiwa na ulaghai wa wazi; kesi inayotajwa sana ni ya New York ya mwaka 1941, ambapo mnunuzi aliyeagiza manyoya magumu ya kutengenezea brashi alidai makreti yamejazwa manyoya ya ng'ombe na takataka. Lakini nani kati yetu ana fedha za kuendesha kesi kama hiyo? Kinga ya bei nafuu ni kuingiza hati ya ukaguzi miongoni mwa hati zinazotakiwa. Sentensi moja tu ndani ya fomu, na wengi hawaambiwi.

Kuhusu dhamana, sheria ya mwaka 2017 ya mali inayohamishika inaruhusu kuweka rehani bidhaa ghalani na hata madeni tunayowadai wateja. Bado tunaulizwa hatimiliki ya ardhi. Hapa Mombasa, Mheshimiwa, ambako mtu anamiliki nyumba na ardhi iliyo chini yake ni ya mwingine! Nao wanaokwepa riba wakachukua murabaha, ambapo benki hununua bidhaa kisha ikamuuzia mteja kwa faida iliyotajwa, wanastahili kuonyeshwa ni siku gani bidhaa ilikuwa mali ya benki.

Mwaka 2017 ofisi yako na chama cha mabenki mlizindua mfumo wa kulinganisha gharama za mikopo. Uingizeni ufadhili wa biashara humo: elsii, dhamana za benki, mikopo ya ankara, kila moja na jumla yake kwa shilingi. Lazimisheni ukurasa mmoja wa Kiswahili mbele ya kila mkataba, ukitaja kiwango cha taslimu kinachofungiwa, riba yake, na kwamba benki haikagui mzigo. Na anayeweka asilimia mia apewe bei yake.

Mna tawi hapa Mombasa. Tuiteni pamoja na mawakala wa forodha, tuje na ankara na mikataba yetu mwone wenyewe. Ada nyingine zinahitaji kusomwa kwa miwani.

Wako,
Mwagizaji wa vigae, Mombasa