Mwalimu wetu wa netiboli aagwe uwanjani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimsemee mwalimu wangu wa netiboli, ambaye Desemba hii anatimiza miaka 60 na kustaafu ualimu hapa Tanga. Jina lake silitaji kwa kuwa sijamwomba ruhusa, ila wasichana wa Ngamiani, Makorora na Msambweni waliopita mikononi mwake wakifika kwenye habari ya machungwa watamjua.

Nilianza kwake 1994, nikiwa darasa la tano. Uwanja ulikuwa mchanga mtupu. Alikuja na kamba ya katani aliyoipiga mafundo, akapima mita 30 na nusu kwa urefu, upana nusu yake, akachora mistari kwa majivu. Milingoti ilichomelewa na fundi wa mtaani kwa fedha yake mwenyewe, pete zikakunjwa kwa nondo. Akapanda juu ya meza kupima kama zimefika mita 3 na sentimita 5, maana alisema mtoto akizoea pete fupi nyumbani, UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, itamtoa machozi.

Wapo wanaodhani netiboli ni kurushiana tu. Ukidaka mpira, mguu uliotua nao ndio unaokufunga. Ukiuinua na kuukanyagisha tena kabla hujautoa mpira, filimbi. Na una sekunde 3 tu. Mwalimu alituhesabia kwa makofi, moja, mbili, tatu. Kofi la tatu likikukuta bado umekumbatia mpira, unatoka nje, unawahesabia wenzako. Mwaka ule nilikaa nje sana.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa majumbani. Baba yangu alimwambia kuwa mtoto wa kike jioni yuko chuoni anasoma Kurani, hana saa ya mpira. Mwalimu hakubishana. Alikwenda kwa maalim wetu, wakapatana: tukitoka chuoni saa kumi tunakwenda kwake, na kabla ya adhana ya magharibi kila mtoto yuko kwao. Alitufikisha mwenyewe, mlango hadi mlango, akipiga hodi. Sketi ilipoleta maneno, tulivaa suruali chini yake na mitandio tukaifunga kisogoni. Mwaka wa pili Baba alikuwa anakuja kukaa pembeni ya uwanja na kiti chake.

Na machungwa. Kila mechi alikuja na kikapu cha machungwa ya Muheza, na robo ya mchezo ikiisha anayagawa. Alianza na waliokaa benchi. Mfungaji alisubiri zamu yake kama wengine.

Miaka kadhaa nyuma kulikuwa na hafla ya kuwatuza watu wa michezo. Wakaitwa makocha wa mpira wa miguu, mmoja mmoja. Mji wetu ni wa mpira, nami naupenda. Coastal Union walipotwaa ubingwa 1988 nilikuwa mabegani kwa Baba. Ila mwalimu wangu alikaa viti vya nyuma hadi mwisho, jina lake halikusomwa. Iliniuma, na bado inaniuma.

Sitaki tungoje msiba ndipo tumsomee wasifu. Naomba aagwe Jumamosi moja pale pale uwanjani, tukicheza sisi wanafunzi wake wa zamani na watoto alionao sasa. Pia afisa michezo wa Jiji na shule waamue mapema nani atashika filimbi Januari, ili akae na Mwalimu miezi hii iliyobaki na kukabidhiwa madaftari. Humo ameandika kila msichana, nafasi aliyocheza, siku aliyokosa mazoezi na sababu yake. Mimi nimo. Binti yangu naye yumo, anacheza GD, mlinzi.

Nimekwisha kata kitambaa cha vizibao 14, vya timu mbili, na herufi za nafasi nashona kwa mkono. Walioko Dar es Salaam, Mombasa na Maskati, leteni habari kwa ndugu zenu wa hapa ni nani atakuja. Kizibao cha C, mchezaji wa kati, upande wa wakubwa naomba nivae mimi.

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga