Nguo iliyozunguka Kilwa Kisiwani

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji niseme jambo lililonikaa rohoni tangu niliporudi kutoka Kilwa Kisiwani mwezi uliopita.

Nimefundisha historia shule ya msingi kwa miaka 23. Habari za Kilwa na dhahabu ya Sofala, bandari ya kale ya Msumbiji, nimeziandika ubaoni nisijue mara ngapi, lakini kisiwa chenyewe sikuwa nimekikanyaga. Tulivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, tukashukia karibu na Gereza, ngome ya kale, maji yakiwa yamekupwa, viatu mkononi.

Kijana aliyetutembeza alikuwa na haraka. Msikiti Mkuu, magofu ya Makutani, kisha Husuni Kubwa, kasri ya Sultani al-Hassan bin Suleiman, yule aliyempokea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331. Akataja miaka, akatupiga picha kando ya bwawa la pembe nane, akatazama saa. Nilipomuuliza habari ya nguo inayosemekana ilikizunguka kisiwa na kuwa bei yake, alinijibu, "Hizo ni hadithi za wazee, mwalimu."

Basi nikawafuata wazee. Kijijini nilimkuta bibi mmoja kibarazani anasuka ukili. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia na kunisogezea mkeka. Nilipomuuliza aliokota jiwe la tumbawe, akaliweka baina yetu na kulizungushia ukili wake polepole mpaka ncha zikakutana. "Hivi," akasema. "Mwenye kisiwa alitaka nguo ya kukizunguka chote. Mgeni kutoka Shirazi akaitandika. Mzee akachukua nguo zake akavuka bara, na binti yake akaolewa na mgeni." Baadaye mzee akajuta, akataka kurudi na watu wake wakati wa maji kupwa, maana zamani watu walivuka kwa miguu. Lakini bahari ilikuwa imekwisha kusomewa. Haikupwa tena.

Wasomi wengi humjua mgeni huyo kwa jina la Ali bin Hassan. Bibi alimtaja mara moja tu. Aliyemshughulisha ni yule mzee na binti yake. Na mimi nasema hapo ndipo penye historia. Hadithi inakiri kwamba kisiwa kilikuwa na mwenyewe, kwamba bei ilipatanwa, na kwamba nguo ilikuwa mali. Wachimbaji wa mambo ya kale waliofukua Kilwa miaka ya 1960 walikuta watu wakiishi pale, na vyungu vyao vya kienyeji, kabla ya zama za hao Washirazi, wageni wanaohusishwa na Shirazi ya Uajemi. Mwaka 2023 wanasayansi walitoa matokeo ya vinasaba vya mifupa kutoka makaburi ya kale ya pwani yetu, ya Kilwa yakiwemo: kwa sehemu kubwa upande wa akina mama ni Waafrika, na wengi wa akina baba wageni walitoka Uajemi, wakaanza kuchanganyika mnamo mwaka 1000. Niliposoma hayo nilimkumbuka binti wa yule mzee. Bibi hakuhitaji maabara kunieleza kwamba alikuwepo.

Magofu yale yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, na ni haki yake. Lakini bibi akiondoka, ukili ule nani atauzungusha? Nawaomba wanaopeleka wageni kisiwani wapunguze vituo vya picha, waache nusu saa ya kukaa kibarazani, na mzee anayesimulia alipwe kama anavyolipwa mwenye mashua. Walimu wenzangu wa mkoa wa Lindi, simu za kurekodi sauti tunazo mifukoni. Tuwarekodi wazee kwa matamshi yao wenyewe, kila mmoja na namna yake, hata pale wanapopingana.

Mimi nitarudi likizo ya Desemba na wanafunzi wa darasa la sita. Bibi amekubali. Ametuagiza tumpelekee miyaa.

Mwalimu wa historia,
Lindi