Barua kutoka Cluj: wale waliokataa kuuza

Cluj, Romania

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mama hajambo? Watoto nao? Sisi huku wazima, tunashukuru Mungu.

Umeniuliza kama nchi hizi zilizotoka kwenye ukomunisti zina vyama vya kiraia vya kweli, au ni ofisi tu zinazoishi kwa fedha za wafadhili. Ofisi za namna hiyo zipo. Lakini ipo pia Roșia Montană.

Ni kijiji cha wachimbaji katika milima ya Apuseni. Warumi walichimba dhahabu hapo zamani, na mahandaki yao yangalipo. Kampuni ya Kanada, Gabriel Resources, kwa ubia na serikali, ilitaka kubomoa milima minne, isafishe dhahabu kwa sayanaidi, kemikali yenye sumu kali, na bonde la Corna, lenye nyumba na makanisa ya watu, liwe bwawa la mabaki ya mgodi. Januari 2000 bwawa la mgodi mwingine, kule Baia Mare, lilipasuka. Sumu ikaingia mto Tisza, samaki wakafa mpaka Hungaria. Mwaka huohuo wanakijiji wa Roșia Montană wakaunda chama chao, Alburnus Maior.

Fikiria walikotoka. Enzi za Ceaușescu, mtawala wa kikomunisti wa Romania, hata mashine ya taipu ilibidi uiandikishe polisi. Chama cha wanakijiji cha kuipinga serikali kingetoka wapi? Sasa walikuwa na hati za nyumba zao na mahakama ya kwenda. Kampuni ikanunua nyumba moja baada ya nyingine, majirani wakahama. Wengine waliutaka mgodi kwa sababu ya ajira, hasa baada ya ule wa serikali kufungwa mwaka 2006, na siwezi kuwalaumu. Waliobaki wakakataa kuuza, wakapinga vibali mahakamani, na kadhaa vikafutwa. Waliitwa vibaraka wa wageni. Hawakuondoka.

Mwezi Agosti 2013 serikali ikapeleka bungeni muswada maalumu wa kuusafishia mradi njia, hata kwa kutwaa ardhi ya waliokataa. Septemba 1 watu wakaingia barabarani, Bucharest na hapa Cluj, na wakarudi Jumapili baada ya Jumapili. Runinga nyingi mwanzoni zilinyamaza huku zikirusha matangazo ya kampuni, kwa hiyo watu waliitana kupitia Facebook. Walipiga chupa tupu za plastiki kwenye lami, mtaa mzima ukavuma. Novemba Seneti ikaukataa muswada. Juni 2014 Baraza la Wawakilishi nalo likaukataa, ukafa.

Mwaka 2021 UNESCO ikakiingiza kijiji katika Urithi wa Dunia. Kampuni ilidai fidia ya mabilioni ya dola. Machi 2024 wasuluhishi wa kimataifa wakalitupa dai hilo.

Wengi husimulia ile Septemba peke yake, na hilo linaniuma. Bila miaka 13 ya mafaili, mikutano na kesi za wakulima wachache, ule umati wa mjini ungekuta kijiji kimeshauzwa chote. Wanafunzi na mawakili walikuja kusaidia, na msaada wao ulikuwa mkubwa, ila walikuta kuna watu wa kusaidiwa ambao tayari walikuwa wamesimama.

Kama kikundi chenu kinataka kujua walivyopinga vile vibali hatua kwa hatua, niandikie. Nitakaa na mtu anayezijua zile kesi, anieleze, nami nikuandikie kwa Kiswahili.

Akupendaye daima,
Rafiki yako wa Cluj